Barua kwa mwanangu: Bigwa au Kihonda

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Baba yako kausoma bila miwani, akadai ameuelewa. Unasema umepangiwa kufundisha Morogoro, mumeo anabaki na kazi yake Dar, na unataka kujua mtafute nyumba Bigwa au Kihonda, wapi ni nafuu. Bei mimi siijui, nimeondoka zamani. Muulize dalali, atakudanganya vizuri kuliko mimi.

Mimi nakwambia uliza maji kwanza.

Najua unacheka, mama na maji yake. Cheka. Ulikuwa na miaka minne tulipohamia Kihonda, unachokumbuka ni vumbi tu. Baba yako alikwenda kukiona kile kiwanja mwezi wa nne, masika yamechanganya, nyasi zinafika kiunoni, pembeni kijito kinapita. Alirudi na matope hadi magotini, anatabasamu peke yake. "Tumepata bustani," akasema. Tukahamia mwezi wa tisa. Kijito kilikuwa mchanga mtupu, mbuzi wamelala ndani yake. Bomba lilikuwepo, ila likifunguliwa linatoa upepo. Kila tukiuliza, tunaambiwa mwakani.

Yule mama wa mpakani unamsikia tu tukimtaja. Alidai minyaa yetu tumeipanda hatua mbili ndani ya kwake. Kuingia tuliingia, sikatai, lakini si hatua mbili. Ilikuwa moja na nusu. Tukanuniana miezi mitatu, hata salamu hakuna. Usiku mmoja mdogo wako akachemka homa, baba yako yuko safarini, na ndani mna maji kikombe kimoja. Mwenye mkokoteni wa madumu hajapita siku ya pili. Namkanda mtoto kwa kitambaa kilekile kinachokauka, nasikia hodi. Ni yeye, kajitwika ndoo, juu ya maji kaweka majani ya mwembe yasimwagike njiani. Hakuingia. Aliitua kizingitini, akasema, "Ndoo nitaichukua asubuhi," akaondoka.

Asubuhi sikumsubiri. Niliiosha ile ndoo ikang'aa, nikakutuma wewe uirudishe. Ndoo inakaribia kukuzidi kimo, unaiburuza, mimi nimesimama mlangoni nakuangalia. Mwenyewe sikwenda. Na tulipouza tukaondoka, sikwenda kumuaga.

Baba yako anasema habari hii ni ya jirani, si ya maji. Mimi namwambia bomba lingetoa maji nisingemhitaji jirani. Ingawa hapo tungenuniana mpaka leo.

Haya, Bigwa. Iko chini ya milima ya Uluguru, jioni kuna ubaridi na usiku unajifunika shuka, wakati Kihonda tulikuwa tunalala madirisha wazi. Milimani maji hayako mbali. Lakini ukiwa chini ya mlima na masika yakikolea, vijito havibishi hodi. Kwa hiyo nyumba ya Kihonda ikague mwezi wa kumi, ya Bigwa mwezi wa nne. Baba yako alifanya kinyume, na mpaka leo anasema kiwanja kilikuwa kizuri. Kilikuwa kizuri kweli, mwezi wa nne.

Halafu kuna mumeo. Tangu 2024 treni ya SGR inamfikisha Morogoro bila kuhangaika na mabasi ya stendi ya Msamvu, na stesheni iko upande wa Kihonda. Akishuka Ijumaa usiku, kuja Bigwa ni kuukatisha mji mzima kwa bodaboda. Hilo nalo lina uzito. Mkiishi mbalimbali, nusu saa ni kitu. Na nasikia siku hizi Kihonda nyumba zimejaa hadi Mkundi, pengine na mabomba yameamka. Ila watu wakijaa hivyo na bwawa linalolisha mji maji ni lilelile la Mindu, sijui. Gonga mlango wa jirani, usimuulize mwenye nyumba. Muulize mwenye ndoo uani: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na saa ngapi?

Panga kwanza, lipa miezi sita, usinunue. Mkija kununua, karatasi ya serikali ya mtaa peke yake isikutoshe. Ziangalie bikoni, zile alama za mpaka, kwa macho yako, kisha ukaulize ofisi ya ardhi manispaa kile kiwanja ni cha nani. Mengine kaeni na mumeo muamue. Mimi sisemi Bigwa. Nimesema sisemi, ingawa pale watoto wangelala vizuri.

Baba yako anakusalimu, goti lake linaendelea vizuri. Ukipata nafasi pita Kihonda, ile njia ya nyuma ya kwetu. Angalia kama minyaa bado ipo, na nani anakaa upande wa pili. Ukimkuta ni yeye, usimwambie kitu, nipigie kwanza.

Mama yako