Jibu: Kinachofifia kila sekunde kwenye kilohezi 77.5

Ndugu yangu uliye Stuttgart, umeuliza ni ishara gani hiyo ya redio inayofifia kila sekunde kwenye kilohezi 77.5, usiku na mchana, bila sauti ya mtu. Hiyo ni DCF77, kituo cha saa cha Ujerumani, kilichoko Mainflingen karibu na Frankfurt. Saa za ukutani zinazojirekebisha zenyewe hapo Ulaya hukisikiliza hichohicho.

Usiniamini hivihivi, thibitisha. Weka redio kwenye CW (hali ya kupokea Morse) upate mluzi. Mwanzo wa kila sekunde wimbi hushushwa hadi takriban asilimia 15: ukishushwa kwa sekunde 0.1 ni tarakimu sifuri, kwa sekunde 0.2 ni tarakimu moja. Ukiziandika kwa mfuatano utasoma dakika, saa na tarehe. Sekunde ya 59 pekee haishushwi, na ndiyo alama kwamba dakika mpya inaanza. Hakuna chaja wala taa ya nyumbani inayoweza kuiga hilo, ingawa kelele zake ni nyingi sana kwenye masafa haya, kwa hiyo sikiliza kwa betri.

Ukimaliza, shuka hadi kilohezi 60. Pale yupo Mwingereza, MSF ya Anthorn, kituo cha saa cha Uingereza, na yeye huzima wimbi kabisa. Tuletee rekodi, nina hamu ya kuisikia.