Wasomaji wanauliza: Familia nzima hatujui tanga, tuanzie wapi?

*Shikamoo Mwalimu. Nyumbani tuko wanne: mimi, mume wangu, binti wa miaka 12 na mdogo wake wa kiume wa miaka 8. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuendesha chombo cha tanga. Mume wangu ameona mashua iliyotumika ya mita 7, ina kijumba cha kulala, na anasema tuinunue tujifunzie humohumo sote pamoja. Yeye anaogelea vizuri, binti naye hajambo, mimi najikokota, na mdogo hataki hata kuloweka uso. Hamu tunayo kweli, lakini sitaki iishie kwenye ugomvi au msiba. Tuanzie wapi?*
*– Mama wa Wawili*

Marahaba, mwanangu. Kwanza mwambie mume wako mashua hiyo aiache.

Yenyewe inaweza kuwa nzima na nzuri. Ila chombo cha mita 7 ni kizito, na uzito huficha makosa. Ukikaza demani kupita kiasi (demani ndiyo kamba inayovuta na kulegeza tanga), mashua nzito huchelewa kukuonyesha. Itapunguza mwendo taratibu, na utakapogundua utakuwa umeshasahau ulichofanya. Kidau cha mita 2 au 3 hukujibu papo hapo: ukikosea kinainama au kinasimama, ukipatia unakisikia kikivuta chini yako. Mwili hujifunza kwa majibu ya haraka namna hiyo. Tena kwenye mashua moja kuna kana moja, yaani ule mkono wa usukani. Aliyeushika anajifunza, watatu waliobaki ni abiria. Mtoto wa miaka 8 akiwa abiria saa nzima huona baridi, huchoka, na huanza kuuliza mtarudi lini.

Jambo la pili nalisema kwa uchungu kwa sababu lilinipata. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya wiki moja tu nilipompakia binti yangu wa miaka 10 kwenye mashua ya kuazima, nikiamini kwamba mama mtu ndiye atakayemfundisha kwa upole zaidi. Upepo ukawa nyuma yetu, nikageuza chombo bila kutoa sauti, na ule mti wa chini unaoshika tanga ukavuka kwa kishindo ukampiga juu ya sikio. Hakulia. Aliniangalia tu, akasema, "Nirudishe." Kwa miezi 14 hakukanyaga chombo. Nilimbembeleza kila namna, wapi! Kilichomrudisha ni kumwona mtoto wa rika lake akiendesha kidau peke yake. Nilimpeleka kwa mwalimu mwingine, nami nikakaa nyuma ya banda la vyombo asinione.

Kwa hiyo nawaomba mwanzoni mtengane. Watoto waingie darasa la watoto, ninyi wawili la watu wazima, ikiwezekana siku zilezile, ili jioni kila mmoja awe na habari yake ya kuwasimulia wenzake. Mtoto anayefundishwa na mgeni hukosea bila kuona haya. Akifundishwa na baba yake, kila kosa hugeuka kesi ya nyumbani. Na baba anayejifunza mbele ya wanawe hujifanya anajua, na tabia hiyo ni ya hatari juu ya maji.

Kabla ya darasa lolote, shughulikieni maji yenyewe. Huyo mdogo hahitaji kuogelea kama samaki, lakini anahitaji kujua kwamba akitumbukia atarudi juu. Tafuteni maji tulivu ambayo wewe au baba yake mnaweza kusimama. Mvisheni nguo alizozoea na jaketi la kujiokolea, aingie taratibu, alale chali, ahesabu hadi 20. Siku nyingine aruke mwenyewe. Msimsukume hata kwa mzaha, maana atakumbuka kusukumwa miaka mingi baada ya kusahau mliyomfundisha.

Jaketi lenyewe ni la kuchaguliwa kwa makini. Mfungie mtoto mikanda yote, kisha shika mabega ya jaketi ulivute juu. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, na majini litampita kichwani. Usimnunulie la "atakua nalo". La mtoto mdogo liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Ndani yake huandikwa nguvu ya kuelea kwa newtoni: la 50 ni la mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada, halikuundwa kumgeuza uso juu aliyezirai. Kwa mtoto wenu mdogo tafuteni la 100 au zaidi. Nanyi watu wazima mvae pia. Mtoto hawezi kuheshimu kitu ambacho wazazi wake wamekikalia kama mto.

Mkienda kutazama shule au klabu, msidanganywe na uzuri wa vyombo. Ulizeni boti ya injini ya uokozi inakuwa majini muda wote wa darasa, au inakaa ufukweni ikisubiri kuitwa. Ulizeni kila mwalimu anaangalia vidau vingapi. Kisha ulizeni upepo ukifika kiasi gani huwa wanasitisha. Mwalimu makini atakupa tarakimu bila kufikiri. Akikujibu "tunaangalia tu hali", mshukuru, uende kwingine.

Watoto wenu huenda wakawekwa kwenye Optimist, kidau cha mraba mraba chenye tanga moja, ambacho Clark Mills alikibuni Florida, Marekani, mwaka 1947 kwa ajili ya watoto. Kina urefu wa mita 2.3 hivi na kilo 35, na watoto hukiendesha hadi umri wa miaka 15. Umbo lake halivutii, lakini ni kitulivu na kinasamehe. Binti wa miaka 12 akiona ni cha kitoto, aombe kidau cha watu wawili aende na rafiki. Ninyi wakubwa ombeni chombo kipana ambamo mwalimu anaweza kuketi nanyi. Mfano ni Wayfarer, alichokichora Ian Proctor mwaka 1957, chenye urefu wa mita 4.82. Hicho kinachukua familia bila kubanana, na kwa maoni yangu ndicho mume wako angekitamani badala ya ile ya mita 7.

Upepo wa kuanzia uwe kati ya noti 4 na 10. Noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa. Kwenye Beaufort, kipimo cha nguvu za upepo kilichoanzia mwaka 1805, hizo ni nguvu ya 2 na ya 3. Kama hamna kifaa, tazameni maji: vilele vyeupe vya povu vikiwa vimetapakaa kila mahali, mmeshafika nguvu ya 4, na wanaoanza warudi pwani. Upepo haukui kama namba inavyokua. Ukitoka noti 8 hadi 16, msukumo kwenye tanga haukui mara mbili, unakua mara nne. Na mwogopeni zaidi upepo unaovuma kutoka nchi kavu kwenda majini. Ukisimama ufukweni unaona maji yamelala kama kioo, kumbe unakusukuma mbali, na kadiri unavyokwenda ndivyo unavyozidi nguvu. Siku hiyo bakini mkifunga mafundo.

Majini, mwalimu mzuri atawaanzishia upepo wa matanga kati, yaani ule unaokuja ubavuni. Mtakwenda na kurudi kwenye njia ileile, na hakuna mwelekeo rahisi kuliko huo. Jambo la kwanza la kumwingia kila mmoja wenu kichwani ni kwamba hofu ikikushika, achia demani. Tanga litapepea, chombo kitapoa na kusimama. Mtoto akishajua kwamba breki iko mkononi mwake, mabega yake hushuka, nami nimeliona hilo mara nyingi sana. Baadaye mtajifunza kubisha, kwa kuwa hakuna chombo cha tanga kinachoweza kuuelekea upepo moja kwa moja. Kinakwenda kwa pembe ya takriban digrii 45, upande huu kisha upande ule, omo (mbele ya chombo) ikivuka upepo kila mnapogeuka. Kugeuka kwa tezi (nyuma ya chombo), upepo ukiwa nyuma, kuje mwisho, na kusifanyike bila aliyeshika kana kupaza sauti na kila kichwa kuinama. Ndilo kosa langu lile.

Mkishamaliza madarasa, na kila mmoja ameweza kwenda na kurudi mwenyewe, hapo ingieni chombo kimoja. Kuwe na sheria moja: aliyeshika kana ndiye nahodha, hata kama ana miaka 8. Wengine wanamjibu, hawamwamrishi, isipokuwa kwa hatari iliyo mbele ya macho. Badilishaneni kila baada ya dakika 15, na rudini wakati watoto bado wanataka kuendelea.

*Mwalimu, nina miaka 51 na nimejiandikisha pamoja na mke wangu. Kila nikigeuza usukani chombo kinakwenda upande nisioutaka. Mke wangu ameelewa siku ya kwanza. Je, umri umenipita?*
*– Baba Mwenye Haya*

Haujakupita, kaka. Kana hufanya kinyume: ukiivuta kushoto, chombo kinageuka kulia. Aliyeendesha gari miaka 30 ana mikono iliyokwisha kufundishwa vingine, na lazima uipe muda. Shida ni kwamba unaitazama kana. Chagua kitu mbele, mti au paa la nyumba, ukitazame hicho, kisha isogeze kana kidogo sana uone kitu hicho kinahamia upande gani wa omo. Ukae upande upepo unakotoka, kana uisukume mbali nawe ukitaka kuukaribia upepo, uivute kwako ukitaka kuukimbia. Fanya hivyo nusu saa bila kuongea na mtu. Haya yako naielewa, na ninafurahi umejiandikisha.

*Mwanangu wa miaka 9 ameniuliza, "Tukipinduka itakuwaje?" Nikababaika. Nimwambie nini?*
*– Mzazi*

Mwambie mtapinduka, tena kwa makusudi, mwalimu akiwa hapo. Shule isiyopindua wanafunzi wake ndani ya siku chache za mwanzo inawanyima somo muhimu kuliko yote.

Kidau kina mifuko ya hewa, hakizami. Kikilala ubavu, kwanza jihesabuni, kila mtu aseme namba yake. Achieni demani ili tanga lisije likabeba maji wala upepo. Mmoja azunguke hadi upande wa chini, ashike ule ubao wa katikati unaotokeza, aupande na kuegemea nyuma kwa uzito wake wote. Kitaanza polepole, kisha kitainuka ghafla. Vile vya Optimist huinuka vimejaa maji, ndiyo maana ndoo ya kukumbia maji hufungwa ndani kwa kamba. Kikikataa kuinuka, kaeni nacho. Msiogelee kwenda ufukweni hata uonekane uko karibu, kwa sababu chombo kilichopinduka huonekana kwa mbali, kichwa cha mtu hakionekani. Na kama maji ni ya baridi, dakika ya kwanza pumzi hukatika na kuja kwa fujo. Shika chombo, usifanye lolote, itatulia.

Mwonyeshe yote hayo nyumbani kwa sahani na beseni la maji kabla ya kufika majini. Mtoto aliyeuliza swali hilo ameshafikiri vizuri.

*Tunakutana na vyombo vingine na hatujui nani ampishe nani. Tupe kwa kifupi.*
*– Ndugu Watatu*

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinasema hivi kuhusu vyombo viwili vya tanga. Kinachopata upepo ubavu wa kushoto humpisha kinachopata upepo ubavu wa kulia. Vyote vikipata upepo ubavu mmoja, kilicho upande upepo unakotoka humpisha mwenzake. Na anayempita mwingine kutoka nyuma ndiye anayejiepusha, awe na tanga au injini. Boti ya injini kwa kawaida huwapisha ninyi, lakini msiitegemee haki hiyo mbele ya meli kubwa kwenye mkondo mwembamba. Hapo ninyi ndio msiozuia njia.

Chukueni viberiti viwili mviweke mezani, mmoja wenu akae kiti kimoja awe upepo, wawili wasogeze viberiti vyao. Kila vinapokaribiana, msiulizane nani apishe kabla ya kila mmoja kusema upepo unampiga ubavu gani. Fanyeni hivyo siku tatu mfululizo, halafu hamisheni kiti cha upepo.