Mzee wa Forodha Anajibu: Lipiko la Mjomba, Kinyago cha Kuzeeshwa na Samani za London

Barua za safari hii karibu zote ni za vitu vya kale, vya kupeleka nje na vya kuleta ndani. Nimezifupisha, maana wengine mnaandika kama mnatoa ushahidi mahakamani. Majina nimeyaacha.

*Mzee wa Forodha, shikamoo. Marehemu mjomba aliacha sanduku na mimi ndiye niliyekabidhiwa. Ndani mna lipiko la zamani, yaani barakoa ya ngoma ya Kimakonde, lina nywele za mtu kweli na chale za nta usoni. Kuna bwana anakuja na gari kutoka Dar, ana mteja wake Ubelgiji. Anatoa milioni mbili taslimu, ila hataki kuandikiana. Ndugu wanasema tuuze tugawane. Unasemaje? Mpwa, Newala.*

Marahaba, mpwa. Pole na msiba.

Kabla ya bei, ligeuze hilo lipiko ulitazame kwa ndani. Wanunuzi wapya hutazama uso, wajuzi hutazama ndani. Lipiko lililochezwa lina weusi wa jasho mahali paji la uso la mchezaji lilipokuwa likigusa, na mbao hapo imelainika bila kupigwa msasa. Pembeni utakuta matundu ya kushonea kitambaa, na kingo za matundu hayo zimelika upande mmoja tu, ule uliokuwa ukivutwa. Ukiona hayo, ujue umeshika kitu kilichotoka ngomani, siku vijana walipokuwa wakitolewa jandoni, na si kitu kilichochongwa kikasubiri watalii.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964. Kitu cha kubebeka kilichotengenezwa na mtu hapa kwetu kabla ya 1863 ni cha kale moja kwa moja. Vilivyotengenezwa baada ya hapo, lakini kwa matumizi ya kijamii na kiutamaduni, navyo vina ulinzi wake. Havitoki nchini bila kibali. Lipiko la mjomba hata likiwa la miaka ya hamsini halitoki kama gunia la korosho. Huyo bwana analijua hilo, na ndiyo maana hataki kuandikiana. Nikuambie atakavyofanya? Ataliweka katikati ya vinyago vipya arobaini, juu ya karatasi ataandika "mapambo ya mbao", na bei ataandika ya kuchekesha. Mizigo ya namna hiyo nimeifungua mingi, na lipiko siku zote liko chini kabisa, limefungwa kanga nzuri kuliko vyote.

Ndugu zako wasikwambie kwamba likishavuka maji habari imekwisha. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yalivunjwa, na kati ya vilivyoibiwa kulikuwa na lipiko la Kimakonde. Mwaka uliofuata likanunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Baadaye likatambuliwa, na mazungumzo yakachukua miaka na miaka. Mwaka 2010 likarudishwa Tanzania. Miaka 26! Lilirudi kwa sababu moja ya msingi: lilikuwa limeandikwa. Kulikuwa na kumbukumbu kwamba kitu hiki kilikuwa mahali fulani, kwa fulani. Mali bila daftari huisha bila habari, na la kwako hilo bado halina daftari.

Ulaya nako mambo yamekaza. Tangu Desemba 2020 Umoja wa Ulaya unakataza kuingiza kitu cha utamaduni kilichotolewa nchi yake ya asili kinyume cha sheria za huko, na tangu Juni 28, 2025 utaratibu wa vibali na maelezo ya mwingizaji unafanya kazi kikamilifu. Kwa hiyo huyo mteja wa Ubelgiji, kama yupo, ananunua matatizo. Kama hayupo, basi bwana wa gari ananunua kwako milioni mbili akauze anakojua mwenyewe.

Mwisho kuna la nyumbani, na hili silisemi kama mtu wa forodha. Sanduku la mjomba umekabidhiwa, hukupewa. Kwetu kusini unajua tofauti yake. Wakalishe wazee wa upande wa mama, waulize nani alilichonga, nani alilicheza, jando la mwaka gani, kijiji gani. Andika majibu. Piga picha mbele, nyuma na ndani, weka rula pembeni. Kisha wasiliana na Idara ya Malikale au Makumbusho ya Taifa uwaulize wanasemaje. Mkiamua libaki sandukuni, litolewe siku ya ngoma, huo nao ni uamuzi, na mimi ndio ningeuchagua. Bwana wa gari mwambie mjomba hajamaliza kuaga.

*Shikamoo mzee. Mimi ni mchongaji, niko Mtwara Mjini. Mteja wa nje ananunua kazi zangu vizuri. Sasa anataka nimchongee vinyago ishirini "vya kizamani" na nivizeeshe, halafu kwenye ankara niandike vya mwaka 1900 hivi. Analipa mara tatu. Kuna ubaya gani, si ni biashara tu? Fundi wa Mpingo.*

Marahaba, fundi. Ubaya upo, na utakukuta wewe, yeye hautamgusa.

Kuzeesha mnakujua, wala siwafundishi: chai ya rangi, kiwi, pamanganeti, wiki kadhaa juu ya moshi wa jikoni, au kukifukia kwenye kichuguu ili mchwa wafanye kazi ya bure. Wengine hutoboa matundu ya wadudu kwa keekee. Afisa mwenye uzoefu huchukua njiti ya kiberiti akaiingiza kwenye tundu. Ikinyooka mpaka mwisho, hakuna mdudu aliyefanya hiyo kazi, maana mdudu hali mbao kwa rula. Halafu uchakavu wenu mnauweka popote: pua imelika, mgongo umelika, lakini pale mkono unaposhika panang'aa kama jana.

Sasa fikiria mzigo umefika kaunta na ankara inasema 1900. Afisa akiamini, anataka kibali cha Malikale, nawe huna na huwezi kukipata kwa kitu ulichochonga Machi. Asipoamini, umetoa taarifa ya uongo kwa forodha. Mlango wa tatu haupo. Na jina lililo kwenye karatasi ni la msafirishaji, yaani wewe.

Tena unajidhulumu. Kazi za Kimakonde za mpingo, zile za ujamaa (watu wengi waliobebana katika gogo moja) na za shetani (sura za mizimu), zilipata jina duniani zikiwa mpya, wachongaji wakiwa hai. Chonga, weka jina lako chini, na mwaka wa kweli. Mkusanyaji wa maana anataka kumjua mchongaji.

Kuhusu kusafirisha mpingo wenyewe: tangu Januari 2, 2017 jamii nzima ya miti hiyo imo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa dunia unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Bidhaa iliyokamilika haihitaji kibali cha CITES ikiwa mbao za mpingo kwenye mzigo mmoja hazizidi kilo 10. Mpingo huzama majini, kwa hiyo kilo 10 zinaisha upesi. Ujamaa mmoja wa kufika kiunoni unaweza kuzimaliza wenyewe. Pima kila kimoja, andika uzito kwenye ankara, na tunza karatasi za TFS, wakala wa misitu, za gogo lilikotoka. Magogo ya usiku usiyaguse. Na yule anayepaka kiwi mbao nyeupe akaiita mpingo, wateja wanamjua: hukwangua chini kwa ukucha tu.

*Mzee, salaam kutoka Kilwa Masoko. Watoto wetu wakienda kisiwani wanaokota vigae vya rangi ya kijani na vya buluu, na mara mojamoja sarafu ndogo za shaba. Wageni wananunua elfu tano, elfu kumi. Ni kosa? Mama wa Watoto.*

Ni kosa, mama, tena kwa pande zote mbili, anayeuza na anayebeba. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981, na sarafu za masultani wa Kilwa ni za mamia ya miaka kabla ya ule mwaka 1863 wa sheria. Mgeni akipekuliwa uwanja wa ndege ataulizwa kanunua wapi, na atakutaja.

Lakini waambie watoto wanachookota ni nini, maana hawaambiwi. Vile vya kijani na vya buluu na nyeupe vingi vimetoka China, vingine vya kung'aa vimetoka Ghuba ya Uajemi. Vilishushwa pale kwa majahazi, Kilwa ikiwa bandari ya dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji ya leo. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji umesimama. Yaani hiyo ni shehena ya wateja wenye pesa, wa hapa hapa kwetu.

Na ile sarafu: mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje kule. Ubishi huo upo kwa sababu inajulikana ziliokotwa wapi. Mtoto akiitia mfukoni akaiuza gati la Masoko, inabaki kipande cha shaba cha elfu tano. Akiiona, aiache pale pale, aonyeshe watu wa TAWA wanaolinda magofu.

*Mzee, nina rupia ya Mjerumani. Jamaa wanasema inafika milioni 800. Ndanda.*

Haifiki. Ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916, hiyo ina wateja wa kweli minadani, lakini hata yenyewe haifiki huko. Yako, ikiwa ya fedha na kichwa cha Kaisari, huuzwa kwa hali yake, kwa hiyo usiisugue kwa ndimu na majivu. Anayekuomba kwanza hela ya "kipimo" ni tapeli. Na wanaotafuta zebaki nyekundu kwenye vyerehani vya zamani msiniandikie tena.

*Salaam mzee wangu. Nafungua nyumba ya wageni Lindi Mjini. Nimeona kwenye mnada wa London makabati ya zamani, saa kubwa ya pendula na piano. Je, vya kale havilipiwi ushuru? Pia fundi wangu ana mlango wa nakshi kutoka Mikindani, auchukue? Mwenye Nyumba.*

Mlango kwanza. Milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940 sheria imeitaja kwa jina. Mwambie fundi aache bisibisi, muwaulize Malikale. Mikindani ishang'olewa vya kutosha, mtu anapita sasa anaona fremu za mninga zimezibwa kwa bati. Wachongaji wa milango wapo, agiza mpya.

Samani: wengi mnadhani "kale" ni ruhusa ya kupita bure. Siyo. Katika vitabu vya forodha vya dunia nzima kitu cha kale ni chenye umri unaozidi miaka 100, na kina namba yake, 9706. Kabati la 1955, hata dalali wa London aliite jina gani tamu, ni samani iliyotumika, basi. Mwambie mwendesha mnada aandike umri na maelezo kwenye ankara yenyewe. Hiyo ankara ndiyo itakayobishana na TRA kwa niaba yako. Ushuru hukokotolewa juu ya bei, bima na nauli kwa pamoja, halafu VAT inakuja juu yake, kwa hiyo usipange bajeti kwa bei ya nyundo, ile ya mwisho mnadani, peke yake. Na mnada wenyewe huongeza kamisheni ya mnunuzi, soma maandishi madogo.

Piano iache. Za zamani nyingi vibonyezo vyake vina bamba la pembe za ndovu. Uingereza ina sheria kali ya pembe inayofanya kazi tangu Juni 2022. Piano za kabla ya 1975 zenye pembe kidogo zinaweza kusajiliwa na kuuzwa kule, lakini kuivusha mipaka ni habari nyingine ya CITES. Nawe utake kuingiza pembe Tanzania, nchi iliyofunga watu kwa pembe? Halafu na unyevu huu wa Lindi, kwa Pasaka ya pili itakuwa inaimba peke yake.

Makabati yapigwe dawa kabla ya safari, maana dumuzi wa Ulaya hana haja ya viza. Kreti za mbao ziwe na muhuri wa suke la ngano, yaani mbao zilizopashwa joto nyuzi 56 kwa dakika 30. Bila muhuri huo unaweza kuzuiliwa kwa ajili ya kreti, na mali yenyewe haina kosa. Kwa vitu vichache hivi utachangia kontena na wenzako, na litashukia Dar. Mtwara ingekuwa karibu nawe, ila meli za kontena hapa zinafuata korosho, na kabati moja halimsubirishi nahodha. Chukua wakala mwenye leseni, mpe nyaraka kabla meli haijafika, usimpe baada, kwa sababu storeji haijui kama ulikuwa msibani.

Saa ya pendula: pendula na vyuma vyake vya uzito vitolewe, vifungwe kando, mbao zisigongane na chuma. Ikisafiri nzima itafika imejipiga yenyewe kutoka Thames mpaka Kurasini, na hakuna bima itakayokulipa kwa ufungaji wako mbaya.