Hoteli Ikifunga, Fildi Yako Usiifunge

Machi 2020 nilikuwa na barua ya kupokelewa fildi, yaani mafunzo ya vitendo ya chuo, kwenye hoteli kubwa Masaki, Dar es Salaam. Sare nilishashonesha. Tarehe 16 kikatangazwa kisa cha kwanza cha korona nchini, siku mbili baadaye vyuo vikafungwa, na hoteli ikanipigia: "Dada, wageni wameghairi, hatupokei wanafunzi." Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Nilikaa Mbagala nikiamini mwaka umeshapotea.

Vyuo vilipofunguliwa tarehe 1 Juni, mkufunzi wetu aliniuliza nimeomba wapi. Nikamtajia hoteli tano, zote za watalii wa nje. Akasema, "Na anayetoka Mbeya kufuata mzigo Kariakoo, analala wapi?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka Sinza, kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba 14. Wafanyabiashara wa mikoani walikuwa wanaingia na kutoka. Mama mwenye nyumba alisita: "Mwanangu, mimi fomu za chuo sizijui." Nilikaa naye tukazisoma ukurasa kwa ukurasa, na kila Ijumaa alinisainia. Lakini kabla ya kuanza nilihakikisha chuo kimekubali sehemu hiyo kwa maandishi. Usiruke hatua hiyo, mdogo wangu; wiki nane za fildi zinaweza kukataliwa kwa kukosa karatasi moja.

Sehemu ndogo inakufundisha kazi yote. Asubuhi nilikuwa mapokezi, mchana vyumbani, jioni jikoni. Nilijifunza kupima jiki kwa kikombe badala ya kukadiria, na kutoichanganya kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu hewa yake inaumiza mapafu. Vitasa, swichi na rimoti, ambavyo zamani tulipitisha kitambaa tu, vikawa vya kwanza kusafishwa.

Kosa langu lilikuwa kutouliza mapema nani ananunua barakoa, na nikiugua nani anagharamia matibabu. Barakoa nilinunua kwa nauli yangu, wakati daladala zilikuwa level seat, hakuna abiria kusimama, na kituoni nasubiri mpaka nachelewa. Uliza siku ya kwanza, kwa heshima, bila woga.

Na barua ya kuomba fildi usiipeleke kwa simu. Toa nakala kumi, vaa nadhifu, nenda mwenyewe saa nne asubuhi, wageni wa jana wakiwa wameshatoka na mwenye nyumba ana nafasi ya kukusikiliza.