Silipwi Kucheza Gemu: Jibu Langu kwa Watu wa Kota

Haya, nimeamka leo nikakuta meseji sitini na kitu kwenye grupu yetu ya kota, zile nyumba za askari kule Uganda tulikokulia, na karibu zote zinanihusu mimi. Binamu amerusha ile picha nimevaa miwani ya VR, ile inayokufunika macho ukajiona uko ndani ya gemu, akaandika chini ati Wazungu wananilipa kucheza gemu, basi kila mtu akaja na lake. Kuna dogo aliyemaliza S.6, yaani kidato cha sita, juzi anauliza na yeye aje vipi na mshahara ni ngapi, shangazi anauliza mbona basi nyumba ya mama bado ina mabati yaleyale ya zamani, na mjomba yeye hana maneno mengi, anataka nimtumie PlayStation. Nawajibu wote hapahapa, na nitasema ukweli, atakayenuna anune.

Sichezi gemu jamani. Mimi ni mwanafunzi, nipo Magdeburg, mashariki ya Ujerumani, mji uko kandokando ya mto Elbe, na kitu ninachosoma ni jinsi kompyuta inavyochora picha. Huku hiyo fani wanaiita Computervisualistik, wameanza kuifundisha hapa 1996, mimi hata sijaanza shule. Mnakumbuka kile kibanda cha PS nje ya geti, mia tano mechi, ukifungwa unampa mwenzako pedi? Ile picha mliyokuwa mnaiona kwenye skrini haikuwa video. Kila mara mlipobonyeza kitufe mashine ilikuwa inachora uwanja upya, wachezaji, vivuli, nyasi, watazamaji, mara 60 kwa sekunde moja. Piga hesabu, kila picha inapata milisekunde 16 na ushee, na jicho lako likipepesa mara moja tu linakula zaidi ya milisekunde mia. Hiyo miwani ya kwenye picha ndiyo mbaya zaidi, nyingi zinataka picha 90 kwa sekunde, yaani milisekunde 11 kwa kila moja, ukichelewa mtu anapata kichefuchefu kama yuko ndani ya taxi ya kwenda Kabale kule milimani amekaa nyuma kabisa. Sasa utafiti wetu sisi wanafunzi ni kupigania hizo milisekunde. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima anatafuta namna ya kuokoa milisekunde moja, na akiipata anafurahi mpaka ananunulia watu keki.

Mimi milisekunde zangu ziko kwenye nywele. Nywele zetu, hizi za kipilipili.

Ilikuja hivi. Semesta ya pili tulipewa programu ya mfano inayochora nywele tuifanye iende haraka, na vichwa vyote vya majaribio vilikuwa na nywele za kunyooka, zile za kupeperuka. Nikamuuliza msimamizi wangu, je hizi za kwangu? Akaniangalia kichwani, akacheka kidogo, akasema hiyo ni tesisi, yaani kazi nzima ya kumalizia digrii. Nikadhani ananiondokea tu, kumbe kweli. Kuna profesa wa chuo cha Yale kule Marekani, Theodore Kim, aliyewahi kufanya kazi Pixar, wale wa filamu za katuni, aliandika 2020 kwamba utafiti wa miaka na miaka wa kuchora binadamu kwa kompyuta ulichukua ngozi nyeupe na nywele zilizonyooka ukaziita "ngozi" na "nywele" basi, kana kwamba wengine ni nyongeza. Baadaye yeye na A.M. Darke wa California, ambaye alianzisha maktaba ya bure ya nywele za Kiafrika za 3D, wakatoa na wenzao kazi ya nywele zilizojikunja sana kwenye SIGGRAPH Asia ya 2024 kule Tokyo. Mwaka 2024! Na SIGGRAPH yenyewe, huo mkutano mkubwa wa grafiksi, imeanza 1974. Hesabuni wenyewe.

Ugumu uko hapa. Kichwa cha mtu kina nywele kama laki moja, mashine ya gemu kwa kawaida haiwezi kusukuma zote kwa kanuni za fizikia ndani ya hizo milisekunde. Kwa hiyo wanafanya ujanja, wanasukuma chache kama mia mbili tatu, hizo ni za kuongoza, zilizobaki zinafuata jirani zao. Kwa nywele za kunyooka inakubali kabisa maana jirani kweli anafuata jirani. Kwa zetu inakataa. Kila unywele una mizunguko yake kama springi ya kalamu, huu umeanza kuzunguka hapa, wa pembeni yake umeanza pale, alafu zinashikana zinakuwa kifundo kimoja, na ukiufuatisha wa jirani kwa lazima unapata kitu hakipo duniani. Isitoshe unywele ulionyooka unatoshwa na vidoti kumi ishirini vya kompyuta kuunganisha, wa kwetu unataka vidoti kadhaa kwa kila mzunguko, na mizunguko ni mingi. Bajeti inaisha hujafika hata masikioni.

Sasa maabara nzima hakuna anayejua nywele hizi zinafanyaje, vitabu navyo kimya, nikampigia dada. Mnamjua, ana saluni pale sokoni, amesuka kota nzima. Nikamuuliza zikilowa zinakuwaje, akaniuliza wewe umelewa? Alafu akanieleza vizuri kuliko paper yoyote, kwamba ukiivuta inafika begani na ukiiachia inarudi sikioni, kwamba zikilowa zinajivuta zinakuwa fupi, kwamba za kisogoni si sawa na za utosini, na kwamba iliyochanwa na isiyochanwa ni kama watu wawili tofauti. Niliandika kurasa nne. Kesho yake nikang'oa zangu kumi, nikazipanga juu ya karatasi ya grafu nikazipiga picha kwa lenzi ya karibu nikapima upana wa kila mzunguko kwa milimita. Picha yangu ya kwanza kutoka kwa kompyuta nikamtumia kwa Wasapu kwa majigambo, akajibu kwa voisi anacheka mpaka anakohoa, hiyo si nywele hiyo ni stiliwaya ya kusugulia sufuria. Na alikuwa sawa, ilikuwa inang'aa kama chuma, kila mzunguko sawasawa na mwenzake.

Na msidhani ni ushindi kila siku. Kuna wiki mbili nilipima kasi ya programu yangu, nywele elfu tano inatoa milisekunde 16.6, elfu ishirini 16.6, elfu hamsini bado 16.6. Nikajua nimegundua kitu, usiku sikulala, nikaanza kuona jina langu kwenye jarida. Nikaenda kumwonyesha msimamizi, akatazama kama sekunde tano akaniuliza, umezima visinki? Banange. Skrini ilikuwa inaifunga programu isubiri zamu yake kila picha, kwa hiyo nilikuwa napima skrini siyo nywele. Wiki mbili za namba zote takataka. Nilirudi hosteli nikapika posho, ugali wetu, nikala peke yangu bila mboga.

Jaribio la kuuliza watu ndiyo lilinipa kichwa kuuma. Unawaonyesha video mbili mbili wachague ipi inafanana zaidi na nywele za kweli. Wanafunzi wenzangu wa hapa wanakuja vizuri tu, ukiwapa chokoleti wanakaa nusu saa, lakini wengi hawajawahi hata kuzigusa nywele za namna hii, wanachagua kwa kubahatisha. Nikawatumia wateja wa dada, wakinamama kumi na moja wakiwa wamekaa wanasubiri kusukwa. Hao hawakubahatisha, walibishana mpaka mmoja akafungua kilemba chake kutoa ushahidi. Msimamizi akasema majibu ni mazuri sana ila hayahesabiki, simu zao kila moja na kioo chake, mwanga wa saluni hujaupima, na wameamua kwa kusemeshana. Iliniuma, ila ana haki. Ntarudia vizuri nikija Desemba, nitabeba skrini moja na kila mtu atatazama peke yake. Kazi yenyewe ikikubalika nitaipeleka kwanza kwenye semina ya wanafunzi ya grafiksi ya huko Slovakia, ipo tangu 1997 na wanaosimama kuonyesha kazi zao ni wanafunzi.

Sasa pesa, shangazi usikasirike. Ili upate viza ya kusoma huku lazima uweke pesa benki kwanza ifungwe, nilipokuja mimi ilikuwa euro 11,904, kwa shilingi zetu ni karibu milioni hamsini, alafu ukifika wanakufungulia 992 kila mwezi. Ni pesa yako mwenyewe inakurudia kidogokidogo, hakuna Mzungu aliyekupa kitu. Sasa hizo zangu zilitoka wapi? Ile plot ya marehemu baba ya Luweero ndiyo iliuzwa, na dada akaongezea akiba ya saluni. Kwa hiyo mabati ya mama mnayoyaulizia ndiyo mimi hapa, nayala kwa mwezi. Chuo kwenyewe silipi ada, mchango mdogo tu wa semesta, lakini chumba ni 290, bima ya afya kama 140, chakula, simu. Profesa ananiajiri saa 40 kwa mwezi kusaidia maabara, inanipa mia tano na kitu, na Ijumaa usiku napanga vifurushi kwenye ghala moja nje ya mji, mgongo unajua. Ndiyo, kyeyo, vibarua vya ughaibuni, kama watu wote. Hata hiyo ina kipimo, sheria inamruhusu mwanafunzi wa kutoka nje kama mimi siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, basi.

Upweke sitausema sana. Novemba saa kumi na moja jioni ni giza, na watu hawasalimiani kwenye ngazi. Kilichoniokoa ni Kiswahili, kilekile ambacho Kampala ukikiongea wanakudhani mwanajeshi au mwizi. Huku kuna Watanzania, Wakenya, Wakongo, tunapika pamoja Jumapili, Watanzania wananicheka ati naongea Kiswahili cha bunduki, nami nawaambia ndicho nilichonyonya, nimezaliwa kota mlitaka niongee cha wapi.

Dogo, wewe nakujibu kwa uzito. Usiuze kitu cha mtu bado. Matokeo yako ya PCM, fizikia, kemia na hisabati, umesema hisabati ulipata vizuri, basi hiyo ndiyo pasipoti yenyewe maana grafiksi ni vekta na matriki kutoka asubuhi mpaka usiku, aliyekudanganya ni kuchora amekudanganya. Shusha Blender, programu ya kuchora 3D, ni ya bure, na Godot ya kutengenezea gemu nayo bure, laptopu yako ikiwa dhaifu weka picha ndogo, haidhuru. Anza digrii hapo nyumbani, Makerere inafundisha sayansi ya kompyuta, tengeneza kitu kimoja kinachoonekana hata kama ni nyasi tu zinapigwa na upepo, alafu ndiyo tuongee masters na skolashipu, DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, wanatangaza kila mwaka. Ukija sasa hivi na S.6 mkononi utapanga vifurushi na mimi, na hutakuwa na profesa wa kukuajiri saa arobaini. Ukitengeneza hizo nyasi nitumie, nitakwambia ukweli kama dada alivyoniambia mimi. Picha mpya ya nywele nimemtumia juzi, amejibu neno moja: kichana.

Mjomba, PlayStation sina. Naapa, miaka miwili hapa sijawahi kumiliki hata pedi.