Usibandike stika juu ya ukuta uliolowa

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Isamilo, nyumba yetu imejengwa chini ya mawe. Kabla vuli haijaanza nataka jiko langu liwe na joto, mgeni akiingia ajisikie kukaa, kama majiko ya Ulaya tunayoyaona kwenye simu msimu wao wa majani kupukutika: rangi za kahawia, maboga mezani, taa za njano. Kuna fundi amesema atabandika stika za mfano wa mbao ukuta wote wa nyuma, ule wenye madoa na rangi inayobanduka, na ataziba matundu ya juu ili baridi isiingie. Ni kazi ya siku moja. Nichague stika za rangi gani? – Msomaji, Isamilo, Mwanza.

Jibu: Marahaba, dada yangu. Usichague yoyote. Swali hili hunijia kila mwaka mvua zikikaribia, na karibu kila mara muulizaji ameshaambiwa na mtu kwamba tatizo ni madoa. Ukuta wako una maji, na hayo madoa ni mahali yanapotokea.

Nyumba nyingi za Isamilo, Igogo na Mabatini zimechimbiwa mlimani. Kiwanja kimekatwa, jiko limewekwa nyuma, na udongo umepanda hadi kimo cha kiuno nje ya ukuta. Mvua ikipiga juu ya jiwe haina pa kuzama. Inateremka yote mpaka kwenye ule udongo mwembamba ulioegemea jiko lako, inatuama hapo, na tofali la simenti linainywa. Maji yakifika upande wa ndani yanakauka kidogo kidogo na kuacha chumvi, ule unga mweupe unaoupangusa leo na wiki ijayo umerudi. Chumvi hiyo ndiyo inayoisukuma rangi ibanduke. Ukifunika na plastiki, maji hayaachi kuja. Yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi ukutani, na nyuma ya stika ukungu unapata giza, unyevu na gundi ya kula. Vuli ikiisha utakuwa na jiko lenye harufu, na ukibandua stika lipu itakuja nayo.

Na huo ukuta ndio unaokutia baridi. Usiku wa vuli hapa Mwanza joto hukaa karibu na nyuzi 18. Ukuta mkavu haukusumbui kwa nyuzi hizo. Ukuta uliolowa unapitisha joto upesi zaidi, na maji yanapokauka juu yake yananyonya joto la chumba. Unalaumu matundu bure.

Kabla hujamlipa mtu yeyote, pima. Kata kipande cha nailoni angavu ukubwa wa sahani, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya tofali. Yakiwa upande wako, ni mvuke wa sufuria, na dawa yake ni kufungua dirisha unapopika.

Kwa maelezo yako nategemea utaona la kwanza. Basi kazi inaanza nje: punguza udongo mpaka ushuke angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu ya jiko, chimba mtaro wenye mteremko unaopeleka maji pembeni ya nyumba, weka gata kama paa linamwaga upande huo. Ndani, bandua rangi yote iliyolegea na lipu iliyooza. Halafu subiri. Kanuni ya kazi hii ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene baada ya maji kukatwa, kwa hiyo tofali la inchi 6 linaweza kuhitaji nusu mwaka. Najua hupendi kusikia hivyo. Ndiyo maana wanaokuahidi siku moja wanapata wateja, wao na wale wanaouza dawa ya kuzuia unyevu ya kupaka upande wa ndani. Maji yanayosukuma kutoka nyuma yataisukuma na hiyo dawa.

Vuli hii, wakati unasubiri, paka chokaa iliyochanganywa na rangi ya unga, kahawia au nyekundu ya udongo. Chokaa inaruhusu ukuta uendelee kukauka; rangi ya mafuta haiuruhusu, na fundi ataishia kuirudia tu. Ipake kwenye lipu tupu, tabaka mbili nyembamba, na uvae glavu kwa sababu inaunguza ngozi na macho. Utapata rangi ileile uliyoitamani kwenye picha.

Mengine ni rahisi. Balbu nunua zilizoandikwa 2700K au 3000K kwenye boksi. Mwanga wake ni wa njano, na hauwaiti wale wadudu wa ziwani kama balbu nyeupe. Maboga tunayo, vibuyu tunavyo, vikapu na mikeka ya ukindu vimejaa sokoni. Rafu ya michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga iwe mbali na ukuta ule, upenyo wa mkono upite, kwa maana chakula kikilowa kinaota ukungu, na sumu ya ukungu huo, sumukuvu, huioni kwa macho. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi.

Sasa matundu. Hili nawaambia wote mnaosoma, si dada wa Isamilo peke yake. Zile picha zinatoka kwenye nyumba zenye mitambo ya kupasha joto na mabomba ya kutolea moshi. Hapa mvua ikinyesha tunaingiza jiko la mkaa ndani, tunafunga dirisha, na sasa kuna mafundi wanaolipwa kuziba hata matundu ya juu. Mkaa unaowaka unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na inaua watu waliolala wakidhani wanaota joto. Mkaa uliofifia, usio na moshi, bado unaitoa. Mwenye mtungi wa gesi naye asijione salama: gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni, kwa hiyo anahitaji pia tundu la chini kwenye ukuta wa nje, na asizibe upenyo wa chini ya mlango kwa kitambaa.

Kinachokukera kwenye matundu ni wadudu na mvua ya upepo. Weka wavu wa mbu kwa ndani, na kwa nje kipande cha bati kilichoinamishwa juu ya kila tundu. Fundi bati yeyote atakukatia.