Gari inazima ghafla mlimani: angalia mshale kabla ya kununua spea

Mkuu, umesema gari yako ya petroli inazima ghafla ukipanda kutoka Kyela kuja Tukuyu, ukipumzika kidogo inawaka kama kawaida, na fundi ameshabadilisha plagi na pampu ya mafuta bila mafanikio. Nakuomba usinunue spea nyingine kwanza.

Yangu ilinitesa hivyo hivyo Mlima Nyoka, nikija Uyole. Kilichonionyesha ugonjwa ni ule mshale wa mzunguko wa injini kwenye dashibodi. Ikigoma kuwaka, piga stata huku unauangalia. Stata inazungusha injini lakini mshale umelala sifuri, hautikisiki kabisa? Basi anza na sensa ya krenki. Ndiyo inayoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka na pistoni ziko wapi. Ikinyamaza, gari nyingi zinakata cheche na mafuta kwa pamoja, ndiyo maana inazima kama umezungusha ufunguo, bila kukohoa. Ile ya waya mbili ndani yake ina koili ya waya mwembamba sana. Ikichakaa, joto la injini ikipanda mlima linaufanya waya uachane, ukipoa unagusana tena.

Pale pale kando ya barabara nililowesha kitambaa kwa maji baridi nikakibandika kwenye sensa (angalia feni na moto wa ekzosi), ikawaka mapema kuliko siku zote. Ila hilo pekee halitoshi, maana injini nzima nayo ilikuwa inapoa. Uhakika ulikuja gereji: fundi aliipima kwa mita ikiwa baridi ikasoma vizuri, ikiwa moto haikusoma chochote. Kipimo hicho ni kwa sensa ya waya mbili; ya waya tatu inapimwa kwa njia nyingine. Mwambie pia aikague soketi yake. Ikiwa imelowa oili au waya umeungua ganda, sensa mpya haitakusaidia.

Ukipima gari kwa mashine ya kusoma hitilafu, unaweza kukuta msimbo P0335, yaani hitilafu ya sensa ya krenki au waya zake. Usipotoka, bado usiiondolee sensa lawama.

Kama kabla ya kuzima inavutavuta na kukosa nguvu, hapo anza na mafuta. Kagua rilei (swichi inayopeleka umeme kwenye pampu) na soketi ya pampu, kichujio, na usipande mlima na tenki chini ya robo. Na kama taa zote za dashibodi zinapotea, ni umeme: swichi ya ufunguo, vichwa vya betri, waya wa arthi.

Tafadhali sana, ikizima kwenye zile kona za malori usichomoe ufunguo, usukani utajifunga. Washa hazadi, shika usukani kwa nguvu maana utakuwa mzito, kanyaga breki mara moja na uishikilie. Ukiipampu, msaada wake unaisha haraka.

Ikizima tena uangalie huo mshale, uje utuambie umefanya nini.